Nailoni Isitolewe

Siku ya kwenda kununua baiskeli, Odongo alivaa suti. Ni ile ya kijivu aliyofungia ndoa, ambayo siku hizi kifungo cha tumboni kimegoma kabisa kufika kwenye tundu lake, na juu yake akajipulizia manukato mpaka binti yao Princess, wa darasa la sita, akakohoa. Mtu angedhani anapeleka posa. Kumbe anakwenda Mabatini kununua baiskeli ya kubebea maziwa, tena kwa pesa ya mke wake, na yeye mwenyewe mara ya mwisho kukanyaga pedeli ilikuwa kwao Rorya kabla hajaota ndevu.

Mke wake, Adoyo, alikuwa amesimama mlangoni tangu saa mbili. Kwenye pochi yake ndogo nyeusi kulikuwa na laki mbili na arobaini. Zilikuwa pesa za mchezo. Mwaka mzima alikuwa akitoa elfu ishirini kila mwezi kutoka kwenye maandazi anayokaanga nje ya nyumba yao pale Mkolani, na mwezi huu ilikuwa zamu yake kupokea. Kitenge hakununua, sufuria hakununua. Alikuwa na sababu.

Sababu yenyewe ilikuwa Bi Bushra, kiongozi wa kikundi cha akina mama wa maziwa. Bi Bushra si mtu wa maneno mengi. Alimwambia: "Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi njoo na baiskeli ya gia. Breki zishike, na iwe na keria ya madumu mawili. Utakusanya maziwa kwa wafugaji wa nyuma ya mlima, unayaleta kwenye jokofu letu. Elfu nane kwa siku. Ukikosa baiskeli, wako wengine." Baiskeli ya kawaida kule haifai. Njia imejaa mawe na inapanda, utaisukuma mpaka maziwa yaharibike. Elfu nane kwa siku! Princess alisharudishwa nyumbani kutoka shuleni mara mbili kwa kukosa mchango wa chakula, na mshahara wa Odongo wa ulinzi ulikuwa unaisha tarehe kumi.

Walipofika barabarani Adoyo alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba alifanye. Alimpa mume wake pochi. "Shika wewe, Baba Princess," alisema. Ndivyo alivyomwona mama yake akifanya miaka yote: mwanamke hatoi pesa dukani huku mume amesimama pembeni amekunja mikono, watu wakamwona si kitu. Odongo aliipokea bila hata kusema ahsante, akaitia mfuko wa ndani wa suti, akapigapiga kifua. Tangu dakika hiyo pesa ikawa yake.

Salehe aliuza baiskeli za mtumba kutoka Japani, zimepangwa mbele ya kibanda chake zikiegemeana. Alikuwa mzee mwembamba, kucha zake nyeusi kwa grisi, na alipoiona suti ya Odongo hakushtuka hata kidogo.

"Karibuni. Anayepanda ni nani?"

"Mimi ndiye ninayenunua," alisema Odongo.

"Nimekusikia, baba. Nauliza anayepanda."

Adoyo akainua mkono kidogo, kama mwanafunzi. Basi Salehe akamgeukia yeye, na kuanzia hapo akawa anaongea na yeye tu. Alimuuliza atabeba nini, njia ikoje, amewahi kupanda. Adoyo akajibu kwamba alipanda ya kaka yake miaka mingi, akipeleka mahindi mashineni. Salehe akaingia katikati ya baiskeli zake, akatoka na moja ya kijani, rangi imebanduka, siti imechanika.

"Pitisha mguu, mama, simama. Nyayo zote mbili zinakanyaga chini? Kati yako na bomba vidole vinne vinapita? Basi hii saizi yako. Sasa nikwambie. Mtu mwenye pesa ndogo asinunue shokapu. Shokapu ya bei rahisi inakuongezea uzito tu, na inakunywea nguvu mlimani. Nunua fremu, nunua breki. Gia hizi saba za nyuma zinakutosha. Laki na themanini, na keria nafunga mimi hapahapa, ya chuma. Inayobaki utanunua tairi ya nyuma na raba za breki, maana hizi zimeisha. Sikufichi."

Adoyo aliizungusha uwanjani. Alibadilisha gia, ikaingia kwa mlio mmoja tu, na miguu ikawa myepesi ghafla. Alijiona tayari yuko mlimani na madumu nyuma. Alirudi anacheka, amesahau kabisa kwamba ana mume.

"Imetumika," Odongo akasema.

"Zote hapa zimetumika," alisema Salehe.

"Mke wangu apande kitu cha marehemu Mjapani?"

"Mjapani yuko hai, baba. Amenunua nyingine."

Mafundi wawili waliokuwa wakiziba pancha waliangua kicheko, na hapo mambo yakaharibika. Odongo angeweza kuvumilia baiskeli mbovu, njaa, hata deni. Kuchekwa mbele ya mke wake akiwa ndani ya suti, hapana. Alisema wanakwenda kwa mtu wanayemfahamu, akatangulia, mkono kifuani penye pochi. Adoyo aliirudisha baiskeli ya kijani taratibu, akaisimamisha vizuri.

"Ipo mpaka jioni, mama," Salehe akamwambia. "Ikipata mtu sitamzuia."

Mtu waliyemfahamu alikuwa Jonathan. Kwani Odongo alimfahamu kwa lipi? Kwa kuwa ni mtu wa nyumbani, Rorya, na mjomba wake ndiye mwalimu wa kwaya anayoimbia Odongo. Basi. Kwa Odongo hiyo ilitosha. Mtu wa nyumbani hawezi kukuuzia kitu kibaya, na akikuuzia, wewe ndiye mwenye makosa kwa kukitumia.

Duka la Jonathan lilikuwa na vioo, feni na muziki. Aliwapokea kwa Kiluo, akauliza hali ya wazee mmoja mmoja, akaagiza soda. Ndipo akaitoa. Ilikuwa ya njano, tena njano ya kuumiza macho, shokapu mbele na nyingine katikati chini ya siti, na ubavuni imeandikwa gia ishirini na moja kwa herufi zilizochorwa kama ndimi za moto. Bomba zote zilikuwa zimeviringishwa nailoni.

"Mpya kabisa. Hii ndiyo wanapanda Wazungu milimani," alisema Jonathan. "Bonyeza siti, kaka."

Odongo akabonyeza. Siti ikashuka, ikapanda. Akabonyeza tena. Mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, baba wa mtoto, akasimama pale anabonyeza siti na kutabasamu.

"Keria inafungwa wapi?" Adoyo akauliza.

"Shemeji, hii ni mashine ya kisasa."

"Sawa. Na madumu nayaweka wapi? Naona huku nyuma kote kunacheza."

"Fundi yeyote anakufungia, hiyo si shida. Bei yake laki tatu, lakini nyie ni nyumbani. Mna ngapi?"

Na Odongo, badala ya kutaja pungufu kama watu wote wenye akili wanaoingia dukani, akasema zote. Laki mbili na arobaini. Jonathan akashika kichwa, akahesabu kwa vidole, akasema anapata hasara ila ndugu ni ndugu.

Adoyo aliinama karibu na pale pedeli zinapokutana na fremu. Nailoni ilikuwa imebandikwa kwa gundi nyeupe safi, lakini pedeli zenyewe zilikuwa zimechakaa pembeni. "Naomba tuitoe hii nailoni kidogo nione."

"Ukiitoa nailoni umeishusha thamani," alisema Jonathan, na tabasamu likapungua. "Hata ukitaka kuiuza kesho, mtu anaangalia nailoni. Tena ikitolewa, mimi sipokei malalamiko."

"Mama Princess," Odongo akasema kwa sauti ya chini, meno yamekutana, "usiniaibishe mbele ya watu wa nyumbani."

Pochi ilikuwa kwake. Angefanya nini, amwingize mkono kifuani mumewe, waviringishane sakafuni dukani kwa mtu? Alisimama akaangalia elfu kumikumi zake, zile zilizonuka mafuta ya maandazi, zikihesabiwa na mkono usio wake na kupokelewa na mkono wenye pete. Alimchukia Jonathan, na kwa dakika nzima alimchukia pia baba yake Princess.

Kurudi nyumbani Odongo alikodi bajaji ili tairi zisichafuke. Baiskeli ikakaa kwenye kiti cha abiria, Odongo akaishikilia. Adoyo akatafuta usafiri wake.

Jumapili baiskeli ilikwenda kanisani. Ilisukumwa, haikupandwa, na ikaegemezwa penye ukuta ambapo kila anayetoka lazima aione. Wanaume wa kwaya walipanga foleni kubonyeza siti. Mmoja alimuuliza Odongo ni shilingi ngapi, naye akajibu, "Acha tu, ndugu yangu," kwa namna ya mtu aliyetoa milioni. Hakuna aliyempongeza Adoyo. Mama mmoja alimwambia ana bahati ya mume anayemjali, na Adoyo akamjibu, "Mno." Mama wa watu hakuelewa.

Mchana waliipeleka kwa Masele, fundi wa njia panda pale Mkolani, wafungiwe keria. Masele aliizunguka mara mbili bila kusema kitu. Kwa mtu aliyekulia kwenye baiskeli kama Wasukuma wengi, kunyamaza namna ile kulikuwa tusi tosha.

"Keria inataka sehemu isiyocheza," alisema mwishowe. "Hapa nyuma yote inacheza. Ukiweka kilo arobaini itakalia tairi."

"Funga, wewe ni fundi," alisema Odongo.

Masele akapitisha kidole juu ya bomba la chini. Kidole kikasimama. Akabonyeza, akarudi, akapita tena. "Hapa kuna uvimbe. Nitoe nailoni tuone."

"Nailoni isitolewe."

"Mzee, nahisi hapa pamechomelewa."

"Nimesema nailoni isitolewe! Kitu kipya kinachomelewaje? Hiyo ni kiwandani wanafanya hivyo, kuongeza nguvu."

Masele alimwangalia Adoyo. "Mama, baiskeli ni yako?"

Adoyo alifungua mdomo. Wateja watatu walikuwa wameketi kwenye benchi wakisikiliza, wote majirani, na Odongo alikuwa amekodoa macho. "Tumenunua wote," alisema, na papo hapo akajilaumu. Pale alikuwa bado anaweza kuirudisha kwa Jonathan ikiwa nzima. Masele akafunga keria kwa kamba za tyubu, akizungusha na kukaza, akakataa kupokea pesa. "Siwezi kulipwa kwa kazi hii," alisema. Odongo aliliona hilo kuwa heshima.

Jumatatu saa kumi na mbili kasorobo walikuwa uwanjani kwa Bi Bushra. Adoyo alitaka kwenda peke yake. Odongo, ambaye zamu yake ya ulinzi ilikuwa imeisha na kitanda kinamngoja, alisema haiwezekani mashine ile ijaribiwe bila yeye. Suti hakuvaa safari hii, lakini alivaa viatu vyake vya Jumapili.

Jaribio la Bi Bushra lilikuwa rahisi. Madumu mawili yamejaa maji, lita ishirini kila moja, unapanda mpaka kwenye jiwe kubwa la juu, unashuka. Huo ndio uzito wa maziwa, na hiyo ndiyo njia yake. Wanawake sita wa kikundi walikuwa wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa.

"Adoyo, anza," alisema Bi Bushra.

"Ngoja," Odongo akasema. "Naanza mimi. Hizi gia za kisasa lazima mtu azizoee kwanza."

"Kazi umeomba wewe, baba?"

"Namwonyesha tu."

Madumu yalishapakiwa na Odongo alishapanda, lakini Adoyo alishika usukani. "Baba Princess, shuka. Nakuomba." Alishasema. Wanawake wote sita walimsikia. Odongo akautoa mkono wa mke wake kwenye usukani, akasimama juu ya pedeli akakanyaga.

Kupanda hakupanda. Hatua kumi, shokapu zinashuka na kupanda, anadundadunda pale pale kama yuko kwenye kitanda cha springi, jasho linamtoka, gia zinaruka. Mwanamke mmoja akafunika mdomo kwa kanga. Kwa hiyo Odongo akatangaza kwamba baiskeli za namna hii ni za kushuka, akaisukuma mpaka nusu ya mlima huku anahema, akaigeuza, akapanda, akaachia breki.

Alishuka vizuri kwa sekunde chache. Kisha gurudumu la mbele likapita shimo, madumu yakaruka, nyuma yote ikakaa juu ya tairi, na ukasikika mlio mkavu. Odongo alitua kwenye majani, suruali imechanika gotini, lita arobaini za maji zikimfuata. Fremu ilikuwa imevunjika pale pale Masele alipoweka kidole. Vipande viwili vilikuwa bado vimeshikana kwa nailoni tu.

Watu walimkimbilia. Alikuwa mzima, gotini mchubuko. Adoyo alipoona ni mzima, alimwacha hapo alipokaa, akaiendea baiskeli. Akaingiza kucha kwenye ile gundi nyeupe akaivuta nailoni, yote, kuanzia usukani mpaka nyuma, mbele ya macho ya wote. Chini yake rangi ya njano ilikuwa imepakwa kwa brashi, nywele za brashi zimegandia humo. Kwenye bomba la chini mchomeleo ulionekana mnene, na kutu imetoka pembeni. Chini ya njano palikuwa na bluu, na chini ya bluu palikuwa na nyekundu. Ilikuwa baiskeli ya mtu wa tatu, labda wa nne.

"Nailoni isitolewe," Adoyo alisema, akitikisa kichwa. Akaitupa miguuni kwa mumewe.

Wakati huo ndipo Evelina alipofika, mwanamke wa mtaa wa chini, akiomba radhi kwa kuchelewa. Alikuwa juu ya baiskeli ya kijani, rangi imebanduka, siti imechanika, tairi ya nyuma mpya, keria ya chuma. Alipakia madumu, akapanda mpaka kwenye jiwe bila kushusha mguu, akageuka, akashuka breki zikilia kidogo. Maji hayakumwagika hata kikombe.

"Umeipata wapi?" aliuliza Bi Bushra.

"Kwa Salehe, Mabatini, Jumamosi jioni. Laki na themanini tu. Aliniambia kuna mama aliipenda asubuhi, mume wake akamkatalia. Nimecheka jamani! Nikasema huyo mama naye vipi?"

"Ni mimi," alisema Adoyo.

Evelina alikosa pa kuangalia. Odongo alianza kuitazama suruali yake kwa makini, kana kwamba tundu lile ndilo lililokuwa na majibu.

Bi Bushra alimpa Evelina kazi. Angefanya nini kingine? Ng'ombe walishakamuliwa. Lakini Adoyo alipokuwa anakusanya vipande, alimfuata kando. "Njia hii imeshapata mtu. Kuna ile ya juu kabisa, kwa akina Ngosha. Mbali, maziwa machache, elfu tano kwa siku. Kila mtu ameikataa. Jumatatu ijayo, njoo na baiskeli."

"Nitakuja."

"Tena njoo peke yako."

Mchana walikwenda kwa Jonathan na vipande vyao. Jonathan hakuagiza soda. "Nailoni mmeitoa," alisema. "Sasa mimi nitajuaje kama ni yangu?" Adoyo alimgeukia mumewe, akamngoja. Huyu ndiye aliyemwita ndugu. Odongo alikohoa, akasema labda wazungumze siku nyingine, maana mjomba wa Jonathan wanaimba naye, si vizuri mambo yafike kwaya. Waliondoka hivyo hivyo.

Nje, kando ya mtaro, Adoyo alinyoosha mkono. "Nipe pochi yangu."

"Haina kitu, Mama Princess."

"Najua. Nipe."

Akaitoa mfukoni, akampa, watu wanapita.

"Na kesho unauza sabufa," alisema Adoyo.

"Sabufa yangu?"

"Baiskeli ilikuwa ya nani?"

Sabufa ile, spika yake kubwa ya muziki, ilikuwa kitu pekee Odongo alichokuwa akikifuta vumbi kwa mkono wake. Alikaa nayo siku tatu, akisema bei ya mnunuzi ni ya wizi, ya mwingine ni ya matusi. Siku ya nne Adoyo hakumwandalia chai wala neno, na jioni sabufa ikauzwa laki moja na ishirini. Masele alinunua gia, tairi na usukani wa ile ya njano kwa elfu arobaini na tano. Pesa zote ziliingia kwenye pochi nyeusi, na pochi ikalala chini ya godoro upande wa Adoyo.

Jumamosi walikwenda tena Mabatini. Adoyo alitembea mbele. Odongo alifuata na shati la kawaida, na walipopita duka lenye vioo aliangalia upande wa pili. Salehe aliwatambua wote wawili, na kwa heshima yake hakucheka. Wale mafundi wa pancha nao wakainamia kazi yao.

"Karibuni. Anayepanda ni nani?"

Odongo akamwonyesha mke wake. "Ni yeye."

"Na anayenunua?"

"Yeye," alisema.

Iliyobaki ya saizi yake ilikuwa nyeusi, mbaya kuliko ile ya kijani, gia sita tu, kengele imeng'oka. Adoyo alipitisha mguu, akapima vidole vinne, akapitisha kiganja kwenye fremu yote bomba kwa bomba, akabana breki. Akabishana na Salehe mpaka laki na arobaini na tano, keria ndani yake. Akafungua pochi mwenyewe, akahesabu mwenyewe. Ilipobaki na noti chache, akachomoa moja ya elfu moja, akampa mumewe aliyekuwa amesimama pembeni amekunja mikono.

"Chukua nauli, Baba Princess," alisema, akakanyaga pedeli. "Mimi nina usafiri."